Waliohudhuria: Mmoja

Kazi yangu kule Lewisville, Texas, ilikuwa kuhesabu. Lori linarudi kinyumenyume hadi mlango wa ghala, napanda, nahesabu makasha, nashuka, napanda tena, nahesabu upya. Hesabu ya kwanza ni ya karatasi, ya pili ni ya kwangu. Tabia hiyo sikuipata Marekani. Nilikuja nayo kutoka Manzese, nilikokuwa nikifungua marobota ya mitumba, na robota lililoandikwa mashati mia mbili nililitazama kwa jicho lile unalomtazamia mgeni anayesema ameshakula.

Nilihamia Lewisville mwaka 2017, baada ya maji kuingia nyumba ya chini niliyokuwa nimepanga Gulfton, Houston, na kuondoka na godoro langu bila kuniaga. Safari hii nikapanga juu. Chini yangu alikaa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga. Siku tuliyofahamiana nilikuwa nimesimama kwenye masanduku ya barua, nabishana bei kwa simu na fundi wa magari, Mtanzania mwenzangu aliyekuwa DeSoto. Sauti nyuma yangu ikasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mwambie unakwenda kwa mwingine, halafu unyamaze." Nikamwambia, nikanyamaza. Fundi akashusha bei. Nilipogeuka nikamkuta babu mwembamba aliyevaa sweta, Texas, mwezi wa saba.

Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba. Alikuwa amefundisha hisabati sekondari, Tanga kisha Moshi, kabla mwanawe hajamleta huku, kwa hiyo nikamwita Mwalimu, na yeye akaniita kijana, ingawa nilikuwa na miaka arobaini na sita.

Mwalimu alikuwa na daftari. Lilikuwa na masomo kumi na mawili, aliyoyaandika na kuyafuta kwa miaka arobaini, kuhusu jinsi fikra moja ya Wahindi wa kale ilivyoanza: kwamba ukichimba mpaka chini kabisa, hakuna vitu viwili. Nafsi iliyo ndani ya mtu na kile kilicho nyuma ya dunia nzima si wawili. Hakutaka kueleza fikra yenyewe tu. Hilo, alisema, hata vikombe vya chai siku hizi vimeandikwa. Alitaka kuonyesha ilitoka wapi, hatua kwa hatua, kama unavyoonyesha njia ya kupata jibu badala ya kuandika jibu pembeni ya karatasi na kudai alama zote. Hakuwahi kulifundisha daftari hilo hadi mwisho. Alikuwa na miaka themanini na moja. "Nataka kulimaliza mara moja tu," aliniambia, "kabla halijanimaliza mimi."

Nyumbani kwa mwanawe hapakuwa na nafasi. Sebule ilikuwa ya televisheni, na televisheni ilikuwa na ukubwa wa meza ya kuchezea mpira wa mezani. Lakini penye bwawa la kuogelea palikuwa na ukumbi wa wapangaji, na meneja wa majengo yale alimpa kila Jumamosi saa nne asubuhi, bure.

Wahudhuriaji wa kudumu tulikuwa sita, Mwalimu akiwemo. Walikuwapo wifi wawili wa Kigujarati waliokuja na chai yao na kufuma. Alikuwapo nesi mmoja wa Kenya aliyetoka zamu ya usiku na kulala kwenye kiti kwa heshima kubwa, mgongo umenyooka. Alikuwapo kijana wa Kimarekani aliyekuja na mkeka, kwa sababu alisikia ni mambo ya India, na kila Jumamosi aliukunja akaondoka nao akiwa na sura ya mtu aliyeambiwa basi limeahirishwa. Na mimi. Mwalimu alifundisha kwa Kiingereza, akitaka kuteta anageukia upande wangu kwa Kiswahili.

Somo la kwanza nilipenda sana. Mwanzo wa mambo yote, alisema, walikuwa makuhani wa sadaka, huko kaskazini mwa India, karne nyingi kabla ya Kristo. Walijenga madhabahu ya moto yenye umbo la ndege, tabaka tano za matofali, na kila tofali lilihesabiwa, na kila silabi ya wimbo ilihesabiwa, na ukikosea moja kazi yote imeharibika. Watu hao niliwaelewa papo hapo. Ni watu wa stoo.

Somo la pili likaniharibia. Wengine kati yao walihamia porini, wakaanza kuulizana: mtu akijenga madhabahu ile kichwani tu, bila tofali hata moja, sadaka inapokelewa? Wakakubaliana kwamba inapokelewa. Nikanyoosha mkono. Nilimwambia Mwalimu kwamba ghala lolote likianza kupokea mzigo wa kichwani linafungwa wiki hiyohiyo. Akasema, ndiyo, ndivyo lilivyofungwa. Maana mara tu walipoiacha stoo wakabaki na swali moja: huyu aliye ndani anayejenga, anayehesabu, ni nani? Na hapo, alisema, ndipo mlango ulipofunguka.

Somo la tatu alikuja na jagi la maji, chumvi, na vikombe sita. Baba mmoja wa zamani, alisema, alimfundisha hivi mwanawe aliyerudi kutoka shule na kiburi: tia chumvi majini, kesho niletee hiyo chumvi. Huipati. Onja upande huu, chumvi. Onja katikati, chumvi. Ipo kote na huioni, na wewe, mwanangu, ndivyo ulivyo. Tukanywa. Wifi wawili walikunja nyuso. Nesi aliamka, akanywa, akalala. Kijana wa mkeka akauliza kama tunywe kabla au baada ya mazoezi.

Sasa ije fomu.

Kila kundi lililotumia ukumbi lilitakiwa kujaza karatasi: siku, shughuli, idadi ya waliohudhuria. Kwa kanuni za meneja, chini ya wapangaji kumi haikuwa shughuli, ilikuwa watu wamekaa. Hilo tungeweza kulimaliza kiutu uzima. Mwezi mzima meneja hakuzitazama fomu, na alipozitazama akaja kuniuliza mimi, kwa sababu nilionekana ndiye mwenye akili timamu, kwa nini yule mzee anatumia ukumbi peke yake. Nikazichukua zile fomu. Shughuli: falsafa. Idadi ya waliohudhuria: 1. Wiki nne, mstari mmoja, mwandiko mzuri wa ubaoni.

Nikashuka kwa Mwalimu. Akasema hawezi kutumia saa nzima kuwaonyesha watu kwamba hakuna wawili, halafu dakika ya mwisho aandike sita. Mwanafunzi akiona hivyo ataamini kipi?

Nimepatana na watu wagumu. Nimepatana na Mchaga mwenye mali na mimi sina. Nikamwambia tuandike kumi. Akasema mmoja. Nikashuka hadi tisa, kwa kumwonjesha. Mmoja. Kawaida ya dunia ni kwamba mimi nashuka, wewe unapanda, tunakutana tano, kila mtu anaondoka akinung'unika na roho imetulia. Nikamuuliza, kama hakuna wawili, shikamoo yangu ya asubuhi huwa inamwendea nani. Akasema inamwendea mkubwa. Halafu akafikiri, akavua miwani, akasema kweli nimemfungua macho: hata hiyo moja imezidi. Wazee wale hawakusema "ni mmoja", walisema tu "si wawili", kwa sababu ukishasema mmoja umeshamkaribisha wa pili. Jumamosi iliyofuata akaacha nafasi ya namba wazi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kupatana na mtu akashuka chini ya pale alipoanzia.

Barua ikabandikwa mlangoni pa ukumbi. Jumamosi inayokuja meneja atakuja mwenyewe na kuhesabu. Wakiwa chini ya kumi, ukumbi unakwenda kwa kundi linalofanya mazoezi na mbwa wao. Nilifanya uchunguzi. Kundi hilo lilikuwa na watu watano na mbwa saba, na kwenye fomu yao palikuwa na kumi na mbili.

Tulikuwa somo la tano. Mwalimu akasoma nakala yake ya barua, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa sweta. Akasema labda masomo saba yaliyobaki yanaweza kufundishwa kwenye maegesho, kwenye kivuli cha gari kubwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba hili si la mchezo. Mtu wa miaka themanini na moja hafundishi chochote kwenye maegesho ya Texas.

Nikamwomba daftari. Nikakaa nalo jikoni kwake huku mkwewe akinipitia juu ya kichwa na sufuria, nikalipekua kama unavyopekua mkataba, natafuta mahali pa kutokea. Nikapapata kwenye somo la nane. Karne nyingi baada ya wale wa porini alitokea kijana wa kusini mwa India aliyezunguka nchi nzima kwa miguu akishindana kwa hoja, na yeye ndiye aliyeifunga fikra hii ikawa mzigo mmoja wenye kamba. Aliulizwa swali lilelile la kwangu: kama hakuna wawili, mbona tunakula, tunasalimiana, tunakanyagana? Akajibu kwamba kuna kweli ya sokoni na kuna kweli ya mwisho. Mpaka uamke, ng'ombe ni ng'ombe na viatu ni jozi. Pembeni Mwalimu alikuwa ameandika kwa penseli: kiu ya ndotoni haikatwi na jagi lililo kando ya kitanda, inataka maji ya ndotoni.

Nikamwambia, Mwalimu, si hii hapa. Meneja yuko sokoni. Fomu yake ina kiu ya sokoni. Mpe kumi ya sokoni.

"Hiyo ni somo la nane," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sisi tuko la tano. Hujapita kwa Mabudha, hujapita kwa yule aliyesema hakuna kilichowahi kuzaliwa. Utaingiaje la nane?"

Nikamwambia ama watu kumi watamfikisha somo la nane, au mbwa saba watamtoa kwenye la tano. Akasema miaka thelathini na nne ya kazi hakuruka sura hata moja, hata mwaka ule vitabu vilipofika Novemba. Yaani alikuwa na ruhusa ya kuandika kumi, iliyotolewa na mkubwa wa mawazo hayo mwenyewe, na asingeitumia kwa sababu darasa halijaifikia.

Basi, kila kitu kwa zamu yake. Kwanza niwapate watu.

Ghorofa ya tatu palikuwa na mama Mkongomani wa upande wa Bukavu, aliyefanya kazi ya kufunga vifurushi, na binti zake wawili wa sekondari, na mdogo wake wa kiume. Hao ni wanne. Sita na wanne, kumi. Sita na wanne, kumi. Nilipanda kwake Jumatano. Alitaka sofa yake ipandishwe kutoka kwenye gari. Nikasema nitaifikisha ghorofa ya pili. Akasema yeye haishi ghorofa ya pili. Nikaifikisha ya tatu, mdogo wake kashika mbele mimi nyuma, na tukakubaliana: Jumamosi, saa nzima, wote wanne. Binti zake walijibu kwa Kiingereza kwamba wanaweza kukaa popote ilimradi kuna intaneti.

Jumamosi nikawapanga viti. Nikahesabu. Tisa. Nikahesabu tena. Tisa.

Mwalimu aliniona naguna, akaacha chaki. Uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeletewa mgeni aliyemngoja miaka mingi. Akawaambia wote wasikilize. Kuna kisa, akasema, ambacho watu wa fikra hii wamekisimulia tangu zamani. Watu kumi walivuka mto. Walipofika ng'ambo mmoja wao akawahesabu wenzake, akapata tisa. Mwingine akahesabu, tisa. Wakakaa chini wakamlilia aliyezama, mpaka akapita mpita njia, akahesabu kwa fimbo, akamgusa yule wa mwisho aliyekuwa anahesabu, akamwambia: wa kumi ni wewe. Kwetu kipo kisa cha namna hii chenye punda, kwa hiyo nilijua kinakoelekea. Wifi waliacha kufuma. Nesi alikuwa macho. Mwalimu akanishika bega, macho yana maji, akaniambia, "Kijana. Umejihesabu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Huwa naanza na mimi."

Akaniambia nirudie. Nikarudia kwa sauti, nikajigusa kifua nikisema moja. Tisa. Akakaa. Sijapata kumvunja mtu moyo namna ile kwa kuwa sahihi.

Aliyepungua alikuwa mama Mkongomani. Alikuwa amesimama nje ya mlango wa kioo, ameshika sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa mikono miwili, na hakuwa na nia ya kuingia. Nikatoka. Nikamwambia dada, tulipatana.

"Ulisema kuja kukaa," akanijibu. "Hukusema kuhesabiwa. Binti yangu ndiye amesoma ile barua ya mlango."

Nikamwambia ni dakika moja tu.

"Papa, mimi nilishahesabiwa. Kule kambi ya wakimbizi, miaka kumi na moja. Wanatufungia ndani ya uzio saa kumi na moja asubuhi, wanatupaka wino ku kidole, wanapita na fimbo: moja, mbili, tatu. Jina hawaulizi. Na kwetu mama hahesabu watoto kwa kidole hata siku moja, na pale mtu nisiyemjua akawahesabu wangu. Siku nimepanda ndege nikasema, njo mwisho. Sofa nitashusha mwenyewe."

Kupatana kunataka kila mmoja awe na kitu anachoweza kupunguza, na pale hapakuwa na cha kupunguza.

Meneja akatokea upande wa bwawa na ubao wake wa karatasi. Alimpita mama, akaingia, nami nikamfuata nikakaa kwenye kiti changu, akanyoosha kalamu na kuanza, midomo inacheza. Alipofika mwisho, akarudi mwanzo. Sikumpenda, ila kwa hilo nilimheshimu. Akasema tisa. Akasema amesikitika.

Nesi wa Kenya akasema kwa Kiswahili, bila kufungua macho yote, "Mwalimu, si uandike tu kumi tumalizane. Huyu ni mama wa watu, ako hapo nje."

Mwalimu akatazama mlangoni. Nadhani alikuwa amesikia yote. Kioo kile hakikuzuia hata mbu. Akainuka, akafungua mlango, akazungumza na mama kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kupita. Akamwuliza, kuandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe nako ni kuhesabiwa?

Mama akaitazama karatasi iliyo mkononi mwa meneja. Sombe ilikuwa inapoa.

"Jina ni jina," akasema. "Hiyo naweza."

Akaingia, akampa meneja sufuria aishike, akachukua kalamu. Aliandika jina lake lote, la baba yake, la babu yake, akavuka mstari, akaendelea chini. Aliyaandika ya binti zake na ya mdogo wake kwa mtindo huohuo, kwa hiyo watu wanne walijaza mistari kumi na mmoja, na kwa mwendo ule tungeweza kuwashinda hata wenye mbwa. Meneja, mikono imejaa sufuria, akasema sawa, majina ameyaona, lakini chini panahitajika namba, na namba huandikwa na mwenye shughuli.

Kalamu ikamfikia Mwalimu. Akaitazama ile nafasi. Yangu nilishayasema jikoni. Akatugeukia, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba mtihani umevuja, kwamba leo darasa litaruka kwenda somo la nane, na kwamba anaomba radhi. Akalifundisha akiwa amesimama, dakika nne, la sokoni na la mwisho na maji ya ndotoni, meneja akiwemo na sufuria yake. Kisha akaandika 10. Moja ilikuwa nzuri. Sifuri ilitetemeka kidogo juu.

Meneja akatia saini. Ukumbi ulikuwa wetu hadi mwisho wa mwaka unaofuata. Akauliza kilichomo ndani ya sufuria, akaambiwa, akabaki kula.

Nilidhani yameisha. Lakini mama alikuwa amekaa kiti cha mbele, mikono mapajani, na alikuwa amelisikiliza lile somo kama mtu anayesomewa hati ya nyumba. Binti yake mkubwa alikuwa akimtafsiria sikioni. Akamwambia Mwalimu ana swali. Mwalimu akamwambia aulize. Akaongeza kwamba tangu kule porini wanawake ndio waliouliza yale makubwa, na mmoja aliuliza hadi akaonywa kichwa chake kisije kikaanguka.

"Kama hakuna wawili," mama akasema, "kule kambi ni nani alikuwa anamhesabu nani?"

Mwalimu akafungua daftari. Akapitisha kurasa za la nane, la tisa, akafika la kumi na mbili, akarudi. Mwishowe akalifunga.

"Hilo halimo," akasema. "Sikuliandika. Unipe hadi Jumamosi."

Mama akasema ana zamu Jumamosi, ataona. Akabadilishana zamu na mwenzake, akaja. Mwalimu hakuwa amelipata jibu. Alikuwa na kurasa sita zilizofutwafutwa, akamsomea hizohizo. Masomo yakawa kumi na matatu, na la mwisho lilikuwa lile, alilolifundisha mwaka 2019 kukiwa na joto la kuyeyusha lami, halijakamilika, akasema hivyo waziwazi, akaweka chaki. Fomu nilikuwa nazijaza mimi. Namba chini niliandika kila wiki, ya sokoni. Mama sikuwahi kumtia ndani ya namba hiyo. Nilimsogezea karatasi, akaandika jina lake lote, na kama mistari haikutosha niligeuza upande wa pili.